Utani Niliouzuia Njiani

Sogea karibu nikueleze, maana kosa hili nililifanya kwa upendo, na huenda nawe unalifanya.

Kila Jumapili, kabla hatujaenda kanisani, mama yangu hupiga simu ya video kutoka Morogoro. Sisi tunaishi ughaibuni, mtaa wa Weston, ghorofa ya tisa. Binti yangu, mwenye miaka tisa, nilidhani husikia Kiswahili kidogo tu, naye hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikikaa katikati yao nikitafsiri.

Mama ni mtu wa utani. Kwake mjukuu wa kike ni mke mwenza, na mke mwenza husutwa. "We mke mwenzangu, mvivu! Mume wangu hakuoi, hata chai hujui kupika!" Nami, kwa kuona haya, nilimwambia mtoto: bibi anasema anakupenda. Mtoto alitabasamu, akasema asante.

Mtu akikutania, anangoja umrudishie. Nilikuwa nimelisahau hilo. Jumapili moja mama akasema, bila kucheka, "Mwanangu, huyo mtoto hanitaki. Nitakuwa nakusalimia wewe tu, basi."

Wiki ile sikutulia. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Treni iendayo uwanja wa ndege ikipita chini, nilidhani simu inatetema.

Jumapili iliyofuata nilipiga mimi, nikamkabidhi mtoto simu, nikaenda jikoni. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa.

"Haya, mke mwenzangu," mama alisema taratibu, "chai bado inakushinda?"

Tafsiri ilikuwa tayari mdomoni. Nikauma kitambaa cha vyombo.

"Mume wako mzee," binti yangu akasema, neno moja moja. "Mimi sitaki yeye. Hana meno!"

Baba yangu, aliyekuwa nyuma ya mama, aliangua kicheko. "Ati nini?" mama akapiga kelele. "Mzee, unatukanwa huku! Njoo ujibu mwenyewe!"

Walipomaliza nilimuuliza mtoto, "Kumbe ulikuwa unaelewa?"

"Siku zote, mama," akajibu kwa Kiingereza chake. "Nilidhani wewe ndiye huelewi."

Hata sasa miguu hainitulii wakiongea. Neno likimkwama, nataka kukimbia nimpe. Lakini bibi humuuliza, "Ni nini hicho?" naye huonyesha kwa mikono mpaka waelewane.

Simu kutoka nyumbani ikiingia, mpe mtoto, toka chumbani, na usirudi mpaka akuite.