Waya Ulioviringwa Kama Pete za Bibi Harusi

Andongwisye alikuwa mhunzi wa Ipyana, na kilichompa jina ni pete za shaba wanazovaa wanawake kiunoni. Waya ukipita mikononi mwake ulilala mzingo juu ya mzingo, umebanana hata unywele haupenyi. Basi Mjerumani mwenye ghala la mpunga kule Mwaya alipoleta mashine ya umeme, alimwita yeye avute waya kutoka banda la mashine hadi ghalani.

Waya wenyewe ulivishwa uzi wa pamba, nao ukazidi. "Usiukate," Bwana akasema, "ni ghali." Akaenda zake kula. Haya, mhunzi afanye nini? Akafanya anachokijua. Uliozidi akauviringa mafungu mawili, moja bandani, moja chini ya nyasi za paa la ghala, akayabana kama pete za bibi harusi. Bwana aliporudi akamsifu.

Jumamosi jioni, taa zote zikiwaka, ghala likashika moto.

Bwana akadai moto umetoka kwenye kiko cha mlinzi, Yotamu. Kiko gani? Yotamu hata tumbaku hakuijua! Alikuwa rika moja na Andongwisye. Wamechunga ng'ombe pamoja, wakajenga kijiji kimoja. Ikaamriwa achapwe kiboko asubuhi, kisha apelekwe kufungwa minyororo.

Kulipokucha Andongwisye akaenda bandani, akalifumua lile fungu lililosalia. Kwa nje pamba ilikuwa nyeupe. Kwa ndani imeungua, nyeusi tii. Waya uliotandazwa nguzoni haukuwa na doa. Hapo akaelewa. Uliotandazwa unapigwa na upepo pande zote, joto lake linaondoka. Huu aliouviringa umejikumbatia, joto la katikati halina pa kutokea. Kumbe ghala amelichoma yeye, kwa maringo yake ya ufundi, na mwenye mashine aliuona akamsifu.

Akakimbia na ule waya hadi uwanjani. Amechelewa. Yotamu alikuwa kifudifudi, mgongo umechanika.

Akaeleza yote. Bwana akaugeuzageuza waya, akachungulia pale palipoungua. "Basi mfungueni," akasema. "Na wewe kaunyooshe. Leo nataka taa."

Hata pole hakutoa. Mtu kachanwa mgongo bure, yeye anataka taa.

Andongwisye akamwinua mwenzake. "Ndaga," Yotamu akanong'ona, akimshukuru. Shukrani ile ilimuuma kuliko tusi. Akavua shuka yake, akalala palepale penye damu.

"Niliyeuviringa ni mimi, nichapeni," akasema. "Nikiinuka, alale yule aliyenikataza kuukata, wala hakuniambia kwamba ukiviringwa unachoma."

Askari mwenye kiboko akamtazama Bwana, akangoja.