Mabati Juu ya Ardhi ya Wajomba

Bati lililolegea msumari linakohoa. Kila Juni, baridi ikiingia hapa Kihonda, bati la jirani yangu huanza kukohoa, nami huacha ninachofanya nikakaa chini. Msinicheke. Ninyi hamkumjua baba yangu.

Nyumba yetu ilikuwa juu huko Uluguru, kwenye mteremko ulio wazi kwa upepo. Kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akioa hujenga kwa mkewe, na wenye neno la mwisho ni kaka za mke. Migomba aliyoipanda baba haikuwa yake, na hata sisi watoto tulihesabiwa upande wa wajomba. Mali yake ilikuwa mabati. Aliyanunua mjini kwa kuuza kabichi, akayapandisha mlimani kichwani, safari baada ya safari, mpaka shingo ikazama mabegani. Mjomba mkubwa alipenda kumtania mbele za watu: "Shemeji katuletea kofia, lakini kichwa ni chetu." Watu walicheka. Baba naye alicheka, kidogo.

Mwaka mmoja, Juni, redio ilitangaza kwamba baridi kutoka kusini inakuja na upepo mkali, watu wakae kwenye majengo imara, wasisogelee miti wala paa bovu. Mchana katekista aligonga kengele, na kijiji kizima kikakimbilia kanisani, jengo la mawe, na watoto na kuku wao. Mama alitufunga khanga vichwani. Baba alikuwa akifunga kamba kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa. Ndivyo walivyofanya wanaume wa kwetu upepo ulipozidi: unafunga kamba, unaning'inia, paa lipate uzito.

"Baba Anna, twende," mama alimwambia. "Bati hununuliwa, mtu hanunuliwi."

"Litanunuliwa na nani? Kaka zako?"

Mama akatushika mikono, tukaondoka.

Kanisani tulikaa sakafuni, mbali na madirisha, kama tulivyoelekezwa. Nje miti ilikuwa ikivunjika. Mama alimpigia magoti mjomba, atume vijana wakamtoe shemeji yao. Mjomba alikuwa akila karanga. "Mwache alinde kofia yake," akasema, na waliokuwa karibu wakacheka. Nilimchukia pale pale, na karanga alizonipa nikazila.

Upepo ulipotulia tulimkuta baba nje, kwenye migomba, kamba bado imemzunguka kiganja. Paa lilikuwa limemnyanyua, likamwachia njiani. Nyonga ilivunjika, na kabichi hakubeba tena. Mabati yenyewe yalitua kwenye maharage ya mjomba. Mjomba alikuja, akampa pole, kisha akayatazama mabati.

"Yameniharibia maharage, shemeji," akasema. "Na yameanguka kwenye ardhi ya ukoo."

Kesho yake vijana wake walikuwa wakiyagongelea juu ya banda la mbuzi.

Sisi tuliezeka nyasi. Masika yalipokuja tulilala tukihamisha masufuria chini ya matone, na asubuhi baba aliketi mlangoni na fimbo yake, akiwatazama mbuzi wa mjomba walivyo wakavu. Hatimaye wajomba walikaa kikao, wakaona mwanamume asiyeweza kujenga wala kulima arudi kwa ukoo wake. Ndugu zake walimshusha kwa machela mpaka barabarani. Mama alilia, lakini hakumzuia. Baba alifia huko kwao, na siku ya mazishi tulikaribishwa chai kama wageni wengine.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba. Kwa nini hakuiachia ile kamba akaja kukaa nasi sakafuni? Niliamini aliyapenda mabati kuliko watoto wake.

Mwaka jana ukoo uligawa ardhi, na mteremko ule nikapewa mimi, mtoto wa kike. Mume wangu, mtu mpole, fundi seremala, alinifuata jikoni. Akaniuliza kama naye ataruhusiwa kuweka nyumba pale. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji kwa watu asiowajua. Ndipo nilipoelewa baba alikuwa ameshikilia nini siku ile, na kwamba paa likiondoka angeondoka nalo.

Nilielewa yote hayo nikiwa nimesimama na mwiko mkononi. Kisha nikamjibu kwamba nitawauliza kaka zangu.