Kitabuni Mama Hafi

Admin, jina langu lifiche, na shule usiitaje hata kwa herufi ya kwanza, maana watu wa Tanga kwa kuchimbua hawajambo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, nakaa Chumbageni kwa shangazi, niko kidato cha sita, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nataka A ya Kiswahili. Sisemi natamani, nasema naitaka, na nimeisomea. Shida yangu ni darasa nililomo.

Darasa letu halisomi vitabu vya fasihi, linasoma maelezo ya vitabu. Watu wanagawana: wewe tamthiliya, yule ushairi, huyu riwaya. Kisha kila mtu anakuja kwenye diskasheni kuwasimulia wenzake, nao wanakariri kama kasuku. Watu wazima, wengine wana ndevu, wengine wameshaposwa, lakini kuimaliza riwaya moja wanaona wameonewa. Nilipowaambia nitasoma vyote mwenyewe, walinicheka na kuniita Bi Kurasa.

Riwaya alipewa mvulana mmoja ambaye darasa zima linamwita Profesa. Ni msemaji, hilo simnyimi. Kabla hajaifungua akaitwa kwao Ushongo, mama yake amefariki. Aliporudi, wenzake hawakumpa hata nafasi ya kupumua. "Pole sana Profesa, Mungu amrehemu mama. Sasa tupe riwaya, mtihani wa majaribio huo." Hivyo hivyo, kwa pumzi moja.

Akasimama, akasimulia. Mhusika mkuu yuko mbali masomoni, na mama yake ameweka doti mpya ya kanga chini ya mto. Haivai, anangoja siku mwanawe atakapomaliza shule. Mama anaugua, anakufa, na kanga ile ile ndiyo inayofunika jeneza. Wasichana walilia kwa kwikwi. Mwalimu wetu wa fasihi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua miwani akaifuta, akasema, "Hiyo kanga, andikeni, ni ishara ya matumaini yaliyokatika." Wakaandika wote.

Mimi riwaya ile nilikuwa nimeshaisoma. Kitabuni mama hafi. Mama anaolewa tena, anafungua mgahawa, anamgombeza mwanawe mpaka ukurasa wa mwisho. Kanga haimo kabisa. Nikanyoosha mkono, nikasema. Mwalimu akaniuliza nimesoma toleo gani. Toleo! Mtu ana shahada, anafundisha kitabu kwa kusimuliwa, anaona bora viwepo vitabu viwili duniani kuliko kukiri kwamba hajasoma hata kimoja. Kwenye mtihani wa majaribio niliandika kilichomo kitabuni, nikarudishiwa karatasi imepigwa kosa kwa wino mwekundu, na pembeni maneno, "Soma kitabu!" Walioandika kanga walipata alama nzuri.

Basi nikanyamaza. Sikio la kufa halisikii dawa. Tena nisiwafiche, niliingoja siku ya matokeo ya mtihani wa taifa kwa hamu. Nilitaka niwaone sura zao, wao na mwalimu wao, A yangu ikiwa peke yake pale juu.

Ikafika arobaini ya mama yake Profesa. Darasa likachanga, tukatumwa wasichana watatu, mimi nikiwemo kwa sababu ni kiongozi wa wasichana. Nilikwenda shingo upande. Wenzangu walipokwenda kupakua pilau, mimi nilibaki uani naosha sahani na mama mdogo wa Profesa. Nilikuwa nimeshamwamkia, akaniuliza, "Nyie ndo mwasoma na mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mshikeni mkono. Dada yangu alikuwa na doti yake ya kanga, hata pindo haijapindwa. Kila nikimwambia vaa, asema, 'Hiyo naiweka, nitaivaa mwanangu akimaliza mitihani yake.' Kailalia chini ya mto hadi kaondoka. Ndo hiyo tuliyomfunikia jeneza."

Niliendelea kuosha sahani ambayo ilishakuwa safi. Kumbe yule mtu alisimamishwa mbele ya watu akiwa hajasoma hata ukurasa, akasimulia alichokuwa nacho. Na mwalimu wetu akakifanya swali la alama ishirini.

Wiki iliyofuata nilimkuta Profesa peke yake darasani. Nikamwambia, "Kitabu hakisemi hivyo, na wewe unajua."

"Najua. Nilikisoma baadaye."

"Sasa waambie wenzako."

Akasema, "Wataniuliza nimeitoa wapi. Niwaambie nini? Siku ile walimlilia mama yangu, dada. Msibani hakuja hata mmoja."

Hata mimi sikwenda, na siku ile wenzangu wakilia mimi nilikuwa nimenyoosha mkono.

Msidhani nimelainika. Darasa lile bado nalidharau, na mwalimu wao namdharau zaidi. Lakini mtihani wa taifa uko mlangoni na mimi silali vizuri. Nikisimama nikasema ukweli, wataokoa alama zao, na watacheka, nawajua. Kanga ya marehemu itakuwa kichekesho mpaka siku ya mahafali. Nikinyamaza, darasa zima litaandika kanga kwenye mtihani wa taifa. Wale mtakaoandika "muombe Mungu mdogo wangu," piteni tu, kuomba naomba. Mimi nataka jibu.

Wenzangu hawastahili kuambiwa. Lakini mama yule naye hastahili kupigwa kosa kwa wino mwekundu, karatasi baada ya karatasi, na msahihishaji asiyemjua. Ningekuwa mtoto wenu mngeniambia nini, niufungue mdomo wangu au niufunge?