Kufuli kwenye Mlango wa Wanawake

Nikisikia harufu ya udi, mpaka leo mwili hunisisimka. Wenzangu huwajia akilini biarusi, halwa na leso mpya. Mimi hunijia viti. Nitaeleza ni viti gani, lakini kwanza twende Mwabungo, kwenye nyumba ya udongo ambamo mama yangu, Mejumaa, alinilea peke yake. Ng'ambo ya njia ulikuwepo ukumbi wa harusi, mali ya bwana mmoja wa Ukunda tuliyemwita Bwana Hamadi. Mama ndiye aliyeutunza: alifagia, akapanga viti, akashika funguo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, mbea kupita umri wangu, na hakuna shughuli iliyofanyika mle ndani nisijipenyeze.

Shughuli za wanawake wa kwetu zina sharti moja ambalo halijadiliwi: mwanamume asitie jicho. Mle ndani mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, chakacha huchezwa mpaka mtu akatafuta pa kuegemea. Ukumbi ulikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa karibu na boksi la stima. Wa nyuma, wa chuma, ulifungukia migombani, na huko ndiko vijana walikojibanza na simu zao, hawana haya hata kidogo. Komeo la ndani lilikuwa limekatika. Wenye harusi walipolalamika, Bwana Hamadi hakutengeneza komeo. Alinunua kufuli, akamwambia mama kwamba shughuli ya wanawake ikianza, alitie kwa nje. Akina mama walimshukuru sana. Mama naye alifurahi, maana alikuwa amechoka kufukuza watoto wa watu kwa ufagio. Kisha mapambo yakaletwa, pazia la rangi ya dhahabu likatundikwa mbele ya mlango ule, na haukupita muda tukasahau kwamba kuna mlango.

Harusi ninayoikumbuka ni ya mama mdogo, Riziki. Tulikuwa ndani tangu adhuhuri, madirisha yamezibwa kwa vitambaa, vyetezo vinafuka kila pembe. Katikati ya ule udi palikuwa na harufu nyingine, kali, ya kitu cha plastiki. Bibi aliyekaa nyuma yangu aliuliza, "Leo udi umetiwa nini?" Tukamcheka. Taa zikafifia, zikarudi, na watu wakapiga vigelegele kwa kuwa muziki nao ulirudi. Magharibi ilipokaribia tulivaa mabuibui tukaenda zetu. Mama alikuwa hoi. Alisema viti atavipanga asubuhi.

Asubuhi ukumbi uliungua. Mama alikuwa jikoni anachoma mahamri tuliposikia mlio, na tulipotoka moto ulikuwa umeshakula boksi la stima na mlango wa mbele na kupanda kwenye vitambaa vya darini. Gari la zimamoto lilipofika hapakuwa na cha kuokoa. Hapakuwa na mtu ndani, alhamdulillahi, na watu walilisema hilo mara nyingi sana asubuhi ile, kwa sauti kubwa. Palipopoa, wanawake wa jana walianza kuja, mmoja mmoja, bila kuitwa. Viti vilikuwa bado kwenye safu zake, vimeelekea jukwaani, vimeyeyuka na kuinama kama watu waliosinzia. Kila mmoja akaenda mpaka mahali alipokuwa amekaa, akasimama hapo. Riziki, hina ingali nyekundu mikononi, alisimama mbele ya vyuma vya kiti cha biarusi. Rafiki yangu Mwanamisi alinivuta mkono, akaninong'oneza, "Huyu ni mimi," akionyesha kiti. Cha pembeni yake kilikuwa changu, kimemlalia bega. Sijawahi kuogopa vile, wala sitaki kuogopa vile tena.

Pazia lilikuwa limeteketea, na nyuma yake mlango wa chuma umesimama vilevile, umefungwa. Mama aliuendea kutoka ndani, akausukuma, haukwenda. Akaugonga kwa kiganja mara tatu, polepole, mithili ya mtu anayebisha hodi. Halafu akalia.

Mkaguzi wa moto alikuja kutoka Kwale. Aliuliza ukumbi ni wa nani, na Bwana Hamadi akajibu upesi, "Ufunguo anao huyu mama."

"Sikuuliza ufunguo," mkaguzi akasema. "Nimeuliza ukumbi."

Baadaye Bwana Hamadi alikuja kwetu kwa maneno matamu, akamtaka mama aseme kwamba kufuli alilitia kwa hiari yake, na kwamba yeye atamtazama kwa pesa. Mama aliogopa kufungwa jela. Mimi niliogopa zaidi, kwa sababu sikuwa na mzazi mwingine, na kwa muda wote wa kesi nililala nimeshika pindo la leso yake. Lakini kortini alisema yaliyokuwa: "Wanawake waliomba, na mimi ni mmoja wao. Yeye alinipa kufuli. Nikafunga kwa mkono huu." Riziki na wenzake walisimama wakasema vivyo hivyo. Hakimu alieleza kwamba mlango wa kukimbilia haufungwi watu wakiwa ndani, aombe nani asiombe nani, na anayejibu ni mwenye jengo. Bwana Hamadi akapatikana na hatia, mama akarudi nyumbani. Gofu la ukumbi likabaki pale. Alasiri, jua likipungua, tulikuwa tukisikia mlango ule ukigongwa kutoka ndani. Mama alisema ni chuma kinapoa. Hata hivyo, kila ulipogongwa, alivuka njia kwenda kutazama.

Leo nina ukumbi wangu mwenyewe, upande wa Galu, na sheria inanijua kwa jina. Mlango wa nyuma hauna kufuli. Ukiusukuma kwa ndani unafunguka. Mama alikuwa akikaa kitini nje yake na fimbo, mlinzi wa stara yetu, na kila udi ulipoanza kufuka alibisha mara tatu, nami ilinipasa kuusukuma mpaka anione uso. Nikichelewa alinigombeza mbele ya wageni. Kumbi nyingine za Ukunda nikialikwa huinua mapazia, na mara nyingine hukuta mnyororo, na watu huniona nimepungukiwa akili.

Mama alitutoka mwaka jana. Wiki iliyopita mama wa biarusi alinibembeleza nifunge kwa nyuma, nikakataa, nikamweka binti mmoja kwenye kile kiti cha mama. Udi ulipopanda nikasikia kubisha, mara tatu, polepole. Nikausukuma mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Binti alikuwa mbele, kwenye soda, namsikia akicheka na wenzake. Migomba imetulia. Nilisimama pale mpaka nikahakikisha uso wangu umeonekana.

"Unafunguka, mama," nikasema.