Whisky ya moshi niliyompelekea baba mkwe Ulyankulu

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Baba mkwe wangu analima tumbaku Ulyankulu. Mwaka jana alipata mafua makali, yakaondoka na pua yake. Akawa hasikii harufu yoyote, chakula anasema ni kama anatafuna karatasi.

Na huyu ni mzee aliyekuwa akipita tu nje ya bani la kukaushia tumbaku, ananusa, anakwambia punguza kuni. Alinyong'onyea kabisa. Mama mkwe anapeleka sahani, inarudi vilevile.

Daktari alimwambia awe ananusa vitu vikali kila siku, karafuu, limao. Alinusa wee, mpaka akakata tamaa.

Mimi nafanya kazi gesti moja hapa Gongoni. Mgeni akaniachia chupa ya whisky ya Scotland, single malt, ile wanaita peated. Shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa udongo mkavu wa kinamasi, wanauchoma kama kuni. Nikaona hii ni ya mzee, nikaibeba mpaka Ulyankulu.

Sasa kwao, watu wenye asili ya Burundi, aliyeleta kinywaji anaonja kwanza mbele ya wote. Na mimi sikuwa nimeionja.

Wakuu, ile kitu inanuka bandeji! Dawa ya kidonda na majivu. Uso ulinikunjika, nikakohoa mpaka machozi. Shemeji yangu akauliza kwa upole, "Shemeji, hii tunakunywa au tunapaka?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee hakucheka. Alichukua glasi, akaiweka puani, akanusa.

"Moshi," akasema.

Tukatazamana. Akaongeza maji kidogo, akanusa tena, akanywa.

"Bani la kuni mbichi. Chumvi. Halafu kwa mbali kuna asali. Mkwe, hii nzuri."

Nikaonja tena na maji. Asali ilikuwepo kweli.

Mara akageukia jikoni, akamwambia mama mkwe, "Mama Neema, maharage yanaungua."

Na yalikuwa yanaungua. Mama mkwe hata hakwenda kuyaepua. Alikaa pale mlangoni akalia, na maharage yale yaliyoungua mzee aliyamaliza yote.

Sisemi pombe ni dawa, msije mkaninukuu vibaya. Pengine pua ilishaanza kurudi kimyakimya. Nilichojifunza ni kutohukumu kitu kwa funda la kwanza.

Namshukuru Mungu, daktari, na yule mgeni. Kama yumo humu, ajue chupa bado karibu imejaa. Mzee anaifungua asubuhi, ananusa, anaifunga, anaenda kunywa chai.

Aliyewahi kupoteza harufu, wewe ulianza kusikia nini?