Karai la Yu Kesi Mgongoni mwa Kilima

Sukesi binti Wiryorejo wa kitongoji cha Karanglo, mjukuu wa Mbah Sarinten aliyepeleka habari za misiba na za uzazi mlango kwa mlango asikosee jina hata moja. Binti wa Wiryorejo mpeleka barua, aliyevuka mto uliofurika na mkoba wa posta kichwani. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetuunganisha sisi na dunia kwa karai la kukaangia. Wako watakaokuambia kazi ile waliifanya wanaume. Waongo. Wanaume walishika ngazi.

Tulimwita Yu Kesi, yaani dada mkubwa, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane, muuza tempe ya kukaanga, ile mikate ya soya iliyochachuka, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Binti yake mmoja tu, Endarwati, alikwenda Taiwan kufanya kazi kiwandani.

Sasa Karanglo iko nyuma ya kilima, na mji uko upande wa pili. Mawimbi ya simu yalikuwa yakija kutoka mjini, yanagonga kilima, yanarudi yalikotoka. Ukitaka kusikia sauti ya mwanao aliye mbali, unapanda mpaka juu mgongoni, unapiga kelele huko na upepo, unashuka na matope magotini.

Binamu yake, Pak Handoko, alikuwa na duka la intaneti karibu na soko la mjini. Siku moja Yu Kesi alimpelekea tempe akamkuta anatoboa karai. Akamfokea, "We Handoko, umerukwa na akili? Karai zima hilo!" Handoko akacheka, akamweleza. Mawimbi yakigonga chuma yanaruka. Yakigonga chuma kilichobonyea kama karai, yote yanarukia mahali pamoja, kama jua linavyojikusanya ndani ya sufuria jipya likakuchoma jicho. Weka kifaa cha kunasa pale yanapokutana, na mawimbi dhaifu yanakuwa na nguvu. Ila karai sharti lionane na karai mwenzake uso kwa uso, bila kitu katikati.

Yu Kesi alirudi anakimbia. Haki ya Mungu, alikimbia! Alikuwa na makarai kuliko mtu yeyote, na hasara ya kutoboa aliiona ndogo. Moja likapanda juu ya paa la Handoko. Mawili yakapanda mgongoni mwa kilima, moja likitazama mji na jingine likitazama kwetu, yamefungwa, kwenye mlingoti wa mwanzi, na umeme ukavutwa kutoka nyumba ya Pak Darmin, ya mwisho huko juu. La nne likawa juu ya jiko lake. Kutoka kwake nyaya zikatambaa nyumba kwa nyumba, juu ya mabanda ya kuku na kamba za nguo, na kila Jumapili tulitoka wote kuzivuta, kama tunavyotoka kuzibua mifereji ya mpunga.

Mimi nilimwuliza, "Yu, njia ni moja na nyumba ni zote hizi. Maneno hayatagongana?"

"Maneno hayaendi kama gogo, mama wee," akasema, kisu mkononi. "Yanakatwa vipande, kama hii tempe. Kila kipande kinafungwa kwenye jani lake na jina la anayepelekewa. Cha kwako, cha kwangu, cha Darmin, vyote vinapita njia moja vikipishana. Vikifika huko, kila mtu anachukua vyake na kuvipanga upya. Ila mlafi mmoja akijaza njia, sote tunakaa njaa."

Nilielewa siku ile ile, na sijasahau.

Basi Endarwati akapata mchumba, kijana wa Blitar wa kiwanda hicho hicho. Ndoa ingefungwa kule kule, Jumapili asubuhi, siku pekee waliyopewa ruhusa. Baba yake mdogo alikwishamkabidhi imamu uwalii wa kumwoza. Kilichobaki ni radhi. Kwetu bibi harusi hapiti kwenda ndoani kabla hajapiga magoti miguuni pa mama yake. Endarwati akasema, "Mama, sauti peke yake haitoshi. Nataka nikuone, na wewe unione nimepiga magoti. Bila hivyo simkabili imamu." Na mtoto yule alipata ukaidi wa mama yake, hakuna aliyebishana.

Jumapili ikafika, Karanglo nzima imechangamka! Bibi harusi yuko Taiwan lakini shughuli ni shughuli. Wanawake walikuwa wameingia jikoni tangu jana yake, na mkuu wao alikuwa Bu Ngatini, ambaye hakuna karamu yetu iliyopikwa bila amri yake. Nyumba zote zilikubaliana kutogusa mtandao asubuhi ile, njia yote iwe ya Endarwati. Yu Kesi akavaa kebaya yake ya kijani, akakaa mbele ya kompyuta. Sisi tukajaa nyuma yake mpaka madirishani.

Kompyuta ikawa kimya. Hakuna picha, hakuna sauti.

"Kuna mlafi!" akapayuka Pak Darmin. "Nani anatazama sinema?"

"Labda wewe mwenyewe, Darmin, na zile ndondi zako!"

"Mimi? Mimi niko hapa mbele yenu, jamani!"

Watu wakatawanyika nyumba kwa nyumba kuchomoa nyaya. Wakarudi wakihema, wamechomoa zote. Kompyuta ile ile, kimya kile kile. Yu Kesi akainuka, akaenda uani kutazama karai la juu ya jiko. Lilikuwa mahali pake. Akainua macho kilimani, akakunja uso.

"Kule juu kuna kitu chekundu," akasema polepole. "Ni nini kile?"

Bu Ngatini akajibu kutoka motoni, kwa furaha kabisa, "Beseni langu, Yu! Lile karai kubwa nilimtuma mtu alilete jana jioni, chipsi za krupuk zinataka karai pana. Nikaona si vizuri kakifaa kale kalowe mvua, nikaweka beseni badala yake. Jipya!"

Yu Kesi akamgeukia.

"Ngat," Yu Kesi akasema, "wewe ulidhani karai lile lina kazi gani?"

"Si kofia ya mvua?"

"Beseni ni plastiki! Mawimbi yanapita humo kama moshi kwenye chekeche! Karai ndilo linaloyakusanya, Ngat!"

Bu Ngatini akaliangalia karai mbele yake, krupuk zinavimba ndani yake, tobo la katikati kaliziba kwa unga uliokandwa. Uso ukamshuka. Akamwaga mafuta, akalifunga karai moto kwa gunia, akaanza kupanda kilima yeye mwenyewe, na Yu Kesi nyuma yake, kebaya kaikunja kiunoni.

Mimi nikaachwa kwenye kompyuta. Namna ya kulenga tuliijua tangu tulipoanza: aliye juu haoni kompyuta, kwa hiyo chini linagongwa gogo la kibanda cha walinzi, lile la kutangazia moto na wezi. Mawimbi yakiwa haba, polepole, yakizidi, haraka. Nikapaza sauti dirishani, Pak Darmin akagonga.

To... to... to. Kule juu tuliwaona wadogo kama kunguru wawili, wanalizungusha. To, to. Likapita. To... to. Likarudi. To-to-to-to-to! Watu wakaruka! Endarwati akatokea, kwanza vipande vipande, paji la uso huku, ua la nywele kule, halafu akakamilika, mzuri, amevaa nyeupe.

"Mama yuko wapi?" akauliza. "Imamu ana ndoa nyingine. Mama yuko wapi?"

Mama yuko kilimani! Nikamwambia, "Subiri, Nduk, binti yangu, anashuka," na moyo wangu ukiniambia hashuki. Maana baadaye tulijua: jana yake aliyelichukua karai aliipoteza parafujo majanini. Karai halina cha kulishika. Yu Kesi akilishika, picha ipo na mama hayupo. Akishuka, mama yupo na picha haipo.

Bu Ngatini ndiye aliyeamua huko juu. Yu Kesi alinisimulia mwenyewe. "Lete hapa," alisema Ngatini. "Mikono hii imeshika makarai ya mafuta yanayochemka tangu nikiwa msichana. Nenda kwa mwanao."

"Likitikisika kidogo tu, Ngat..."

"Nenda, Yu! Unanipotezea muda kwa kunifundisha kushika karai?"

Yu Kesi alishuka kilima kile kama mtoto anayeteleza kwenye matope. Aliingia kebaya imechanika, akaketi. Endarwati alipomwona akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka tukaona lile ua tu. "Mama, niwie radhi." Yu Kesi akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, pale penye nywele. "Radhi zangu zote, Nduk. Nenda." Picha haikutikisika hata mara moja. Endarwati akainuka, akaenda, tukamwona imamu, tukamsikia kijana wa Blitar akitamka ndoa kwa pumzi moja, na nyumba ikalipuka kwa vigelegele vya kila mtu kwa namna yake.

Tulikwisha kuanza kula Yu Kesi alipouliza, "Ngatini yuko wapi?"

Hakuna aliyekwenda kumwambia.

Tulipanda naye. Tulimkuta amesimama vile vile, karai kifuani, macho yameelekea mji.

"Bado?" akauliza.

"Wamefunga ndoa zamani, Ngat."

"Zamani! Na mimi nimeganda hapa kama mlingoti, na nyinyi, mende nyie, mnakula wali wangu!"

Yu Kesi akalitia karai parafujo mpya, akaikaza. Kisha akamshika Ngatini mkono, akaweka spana ndani yake, na kuvifunga vidole vyake.

"Kuanzia leo kilima hiki ni chako," akamwambia. "Mvua kubwa ikinyesha, upande uangalie. Umeme ukikatika, umwamshe Darmin. Na mtu akija kutafuta karai la shughuli, mwambie akaazime kwa jirani."