Ndama Kanona, Mtoto Kakonda

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Tumati, mama mkwe wangu alipofika kututembelea akapitia zizini kabla ya kuingia ndani. Nilikuwa na mwaka wa pili katika ndoa, na binti yangu wa kwanza, Paulina, alikuwa na miezi kumi. Manyara ilikuwa haijawa mkoa bado, tulikuwa chini ya Arusha. Biashara za watu binafsi ndiyo kwanza zinachangamka, na pale Dongobesh mtu alikuwa ameleta mashine ya kukoboa mahindi.

Mwanangu, sisi tulikulia dona. Mahindi yalisagwa pamoja na ganda na kiini chake. Sasa ikaja sembe, nyeupe kama pamba. Mimi nilikuwa mwoga wa watu, nimeishia darasa la saba, mbele ya wageni sina la kusema. Nikaona basi ugali wangu unisemee. Majirani wakausifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikakoboa debe baada ya debe, pumba nikampa ndama. Mtoto nikampikia uji wa sembe hiyo hiyo, maji na sukari kidogo. Alikunywa, akashiba, akalala. Nikadhani nimemaliza kazi.

Lakini kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa unashuka. Nywele zikawa nyepesi, nyekundu-nyekundu, na kutambaa akaacha. Nesi akanionya kwamba hali ikiendelea hivyo tunaweza kumpoteza. Kwa aibu nikaificha kadi chini ya godoro. Hata mume wangu sikumwambia.

Basi asubuhi ile mama mkwe akatoka zizini, nikamsalimu: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Yule ndama anakula nini, mbona amenona hivi?"

"Pumba, mama. Za mahindi yetu."

Akacheka. "Hongera! Ndama umemlea. Bado kumtafutia mchumba tu. Haya, nipe mjukuu wangu."

Nilimpa. Alipomnyanyua, kicheko kikaisha. Akamshika nywele taratibu, kisha akafunua sufuria jikoni. Yalikuwa makande magumu.

"Na babu yenu hana meno. Anakulaje haya?"

Babu wa mume wangu tulikuwa tukiishi naye.

"Anakunywa mchuzi, mama."

"Mama Paulina, sufuria ni moja, lakini matumbo si mamoja. Kiini umempa ng'ombe, mwanao umempa weupe."

Hapo nikalia. Nikaenda kutoa kadi chini ya godoro, nikampa. Akaiangalia sana.

"Kusoma sijui," akasema, "lakini mteremko naujua. Mbebe, twende."

Tulishuka kliniki kwa miguu siku hiyo hiyo. Mtoto akalazwa, akatibiwa. Tuliporudi, mama alikaa nasi mpaka mavuno, akinifundisha upya jiko langu mwenyewe: uji wa dona wenye maziwa, maharage yaliyopondwa, majani ya maboga, na yai ambalo nilizoea kulipeleka mnadani. Babu naye alipondewa chakula chake, akaanza tena kusimulia habari ndefu. Mstari ukapanda polepole. Paulina alitembea kwa kuchelewa, lakini alitembea.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia wazi. Mtoto chini ya miezi sita anatoshwa na ziwa la mama. Baada ya hapo mwongezee chakula chenye nguvu, kidogo kidogo mara nyingi, na ziwa aendelee nalo hadi miaka miwili. Mjamzito na anayenyonyesha wasiachiwe mabaki. Anayelima ashibe, lakini mboga isikosekane kwenye sahani yake. Mzee mlainishie, na chumvi umpunguzie. Usiache mbachao kwa msala upitao: chakula cha shambani kwako usikidharau kwa sababu haking'ai. Na ukiona mambo yanaharibika, sema mapema. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilikaribia sana kilio hicho.

Mungu akupe watoto wazito kuwabeba, na wazee wako wainuke mezani pako wameshiba.